“Akachomoa Bastola”

Karibu kila toleo la jarida hili lina hadithi ambayo mtu anachomoa bastola. Sisemi hivyo kwa dharau, maana mbili kati ya hizo ni zangu mwenyewe. Mhusika anaingia baa, au anashuka kwenye matatu usiku, au anamfumania mpenzi wake na tajiri mwenye kitambi, halafu linakuja lile neno letu tulipendalo: akachomoa. Akachomoa kutoka kiunoni, kutoka ndani ya koti, kutoka chini ya kiti cha gari. Kisha “paa! paa!”, mtu anaanguka kama gunia la viazi, na aya inayofuata inaanza na “Baada ya miaka mitano...”

Ndugu msomaji, leo sitaki kuzungumzia ngeli wala tahajia, mambo ambayo wahakiki wetu hupenda kutupigia kelele. Nataka tuiulize hiyo bastola maswali machache. Kabla ya kuchomolewa ilikuwa wapi? Juzi ilikuwa kwa nani? Risasi zake zilinunuliwa kwa pesa za nani? Na huyo aliyeanguka kama gunia alibebwa na gari gani, akapelekwa wapi, nani akalipa?

Wazo langu ni kwamba hadithi zetu za mitaani zinaipenda bunduki lakini haziijui. Zinaijua kwa sekunde mbili tu, zile za kufyatua. Yaliyotangulia hazina habari nayo, yaliyofuata vivyo hivyo. Na katika sekunde mbili hizo hakuna mtu anayeweza kufanya lolote, si mama, si rafiki, si askari, si mwandishi. Kila kitu ambacho kingeweza kuizuia risasi kiko katika zile kurasa ambazo hatuziandiki.

Tulijifunza wapi kuandika hivi? Si shuleni. Shuleni tulipewa vitabu vya kutahiniwa na maswali ya “fafanua maudhui matano”. Bastola tulijifunza inama bookshop, pale vitabu vinapotandazwa juu ya gunia kando ya barabara nawe unainama kuchagua. Pale ndipo nilipompata Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974 na Kikosi cha Kisasi ya 1979. Pale pale nikakutana na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vingine havikuwa na jalada. Kimoja kilikuwa kimenyofolewa kurasa za mwisho, ikabidi nimalizie mwenyewe kichwani, na nadhani ndivyo nilivyoanza kuandika.

Musiba na Mtobwa walikuwa mafundi, tusidanganyane. Kiswahili chao kinakimbia. Wengi wetu tungetoa hata simu zetu ili tuweze kumaliza sura kwa taharuki kama yao. Lakini itazame bastola ya Willy Gamba. Yeye ni mpelelezi wa serikali, adui ni wakala wa makaburu, na wapigania uhuru wako hatarini. Mtu akipigwa risasi humo, hesabu inajulikana: upande wa ukombozi umepata moja. Kusini mwa Afrika ilipokuwa bado inapigana, hesabu hiyo ilikuwa na maana yake, na msomaji wa Dar es Salaam aliyekuwa akiwaona wakimbizi wa vita hivyo mitaani kwake aliielewa. Sisi tumefanya nini? Tumechukua bastola, ukombozi tukauacha. Shujaa wetu anafyatua kwa mtindo ule ule wa Gamba, ila anayepigwa ni kijana wa mtaa wa pili aliyekataa kulipa deni.

Halafu yuko John Kiriamiti. My Life in Crime aliiandika akiwa gerezani Naivasha, ikachapishwa mwaka 1984. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini huku Eastlands utampata kijana ambaye hajawahi kumaliza kitabu kingine chochote, na Jack Zollo anamjua kama binamu yake. Kiriamiti hamdanganyi msomaji kuhusu jela. Anasema alichofanya na anasema kilimfikisha wapi. Hata hivyo mwendo wa kitabu ni mwendo wa matatu: wizi mmoja hadi mwingine kama vituo, na wale walioelekezewa mtutu wanashuka njiani. Wengi wao hawana majina, hawana kesho yake. Nilipokisoma nikiwa Kidato cha Pili sikuwakumbuka hata kidogo. Nilikumbuka magari.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1989, Kiriamiti alitoa My Life with a Criminal: Milly’s Story, na kwangu mimi hapo ndipo alipokomaa. Watu huniambia kitabu hicho kimepoa, ati hakina ekshen. Ni kweli kimepoa. Kinasimuliwa na mwanamke anayempenda mtu ambaye mapato yake hayaelewi. Anahesabu siku ambazo mwenzake hayupo. Anasikiliza hatua mlangoni. Bunduki inakuwa kitu kilichomo ndani ya maisha ya nyumba, kama chakula na kodi, na msomaji anaanza kuona jinsi watu wengi walivyo karibu nayo bila wao kuigusa. Kama ningekuwa na uwezo ningewaamuru waandishi wote wa jarida hili wasome cha pili kabla ya cha kwanza.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu mhakiki anayewanyooshea wengine kidole bila kujitaja ni mnafiki.

Nina riwaya. Ipo kwenye madaftari ya kurasa 96, na nilipokuwa na madaftari matatu nilikuwa na msomaji mmoja. Alikuwa kijana wa ploti yetu, mdogo wangu kwa miaka mitatu, aliyeacha shule karo iliposhinda nyumbani kwao. Alikuwa anaosha magari. Alisoma daftari la kwanza usiku mmoja kwa mwanga wa simu, akalirudisha likiwa na alama ya mafuta ya mandazi. La pili vivyo hivyo. Alipomaliza la tatu alinikuta nikianua nguo akaniuliza, “Lakini brathe, huyu jamaa risasi ananunua wapi? Nimemhesabia kumi na nne, na hajanunua hata moja. Risasi ni doo, bana.”

Nilicheka. Nikamwambia hiyo ni fasihi.

Agosti ya mwaka uliofuata alipigwa risasi nyuma ya kioski cha maji, saa mbili usiku, akiwa na miaka kumi na tisa. Wengine walisema ni karao. Wengine walisema ni wenzake, ati kulikuwa na ugomvi wa simu iliyouzwa na pesa hazikugawanywa. Mtaani mambo haya yana masimulizi mawili kila mara, na kila mtu huchagua lile linalomwezesha kulala. Hakufa palepale, hakuanguka kama gunia. Alikaa chini, akaomba maji, akawa anasema viatu vyake visiibwe. Alibebwa kwa mkokoteni hadi barabarani. Aliishi siku mbili. Mama yake aliuza friji aliyokuwa akiuzia maziwa, na bado hospitali ikakataa kutoa mwili hadi deni lipungue, tukachangisha kutoka mlango hadi mlango na daftari la majina. Ndiyo, daftari la kurasa 96. Nilikuwa nalo jipya, nililokusudia kuandikia sura ya kumi.

Swali lake lilikuwa uhakiki mzuri kuliko wowote nilioupata kutoka kwa mtu yeyote. Na ilichukua wiki kadhaa ndipo lile la pili likaniingia: yeye alijuaje bei?

Tangu hapo nilianza kusoma mambo ambayo mtunzi wa hadithi hadhani ni kazi yake. Nilisoma kwenye saiba ya rafiki yangu, asubuhi kabla wateja hawajafika. Nilitaka kujua kama kuna mji wowote duniani uliowahi kukaa chini na kuuliza risasi zinatoka wapi na zinamwendea nani. Niliyoyapata mengi yalikuwa ya Marekani. Hilo lisikushangaze, kwa sababu wale wenzetu mwaka 2017 walikadiriwa kuwa na bunduki milioni 393 mikononi mwa raia, nyingi kuliko watu wao. Sisi Kenya katika makadirio hayo hayo tulihesabiwa 750,000, za leseni na zisizo na leseni pamoja. Kwa hiyo sisemi tuko sawa nao. Ila wao wamezihesabu risasi kwa subira ambayo sisi hatujawa nayo, na katika hesabu zao kuna jambo ambalo kila mwandishi wa hadithi za mitaa anapaswa kulijua.

Mji wa Boston mwaka 1990 ulipoteza vijana 73 wa umri wa miaka 24 kushuka chini, waliouawa. Katikati ya miaka hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikaa na polisi, maofisa wa probesheni na wafanyakazi wa mitaani, wakachora ramani ya nani anagombana na nani. Wakakuta magenge 61 yenye wanachama kama 1,300. Hao ni chini ya asilimia moja ya vijana wa mji ule. Na magenge hayo yalihusishwa na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Mwaka 1996 wakaanza kuwaita vikaoni na kuwaambia bila kuzunguka: tunawajua, tunataka mbaki hai, msaada ni huu hapa, na mmoja wenu akiua kundi zima litabanwa. Waliouawa mwaka huo walikuwa 26, na mwaka 1997 wakawa 15. Wapo wataalamu wanaobishana ni kiasi gani cha kushuka huko kilitokana na vikao, maana miji mingine nayo ilikuwa ikitulia miaka hiyo. Mimi si mtaalamu, nawaachia ubishi wao.

Lakini ile ramani! Fikiria, mwenzangu mwandishi. Watu wazima wenye digrii wamekaa mezani wanaandika: kundi hili lina kisasi na lile, hawa walikuwa marafiki hadi juzi, hawa wana suluhu lakini ni ya mdomo. Huo ni msuko wa riwaya. Mhalifu wa riwaya zetu anaua kwa sababu ni mhalifu, au kwa sababu ya “tamaa ya pesa”, maneno tuliyokariri kwenye kitabu cha mwongozo. Ramani ile inasema vijana wengi waliuana kwa magomvi, watu wanaojuana kwa majina, na kwamba walikuwa wachache kiasi cha kukusanywa katika ukumbi.

Sisi tunafanya kinyume chake. Tunaandika “mtaa ule ulikuwa pango la majambazi”, tunamaliza kazi. Kila kijana wa kona ana jicho jekundu na kovu shavuni. Nimekaa huku tangu nizaliwe na wenye makovu shavuni ninaowajua ni wawili, mmoja ni shemasi. Tukiuchora mtaa mzima kuwa pango, tunamrahisishia kazi yule ambaye angependa kuupiga mtaa mzima. Na tunajinyima hadithi, maana hadithi iko kwa wale wachache, na kwa dada zao, na kwa yule kijana wa mia moja na kumi ambaye hayumo lakini analala chumba kimoja na aliyemo.

Ipo filamu inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko riwaya yoyote niliyoisoma. Inaitwa The Interrupters, ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Steve James akishirikiana na mwandishi Alex Kotlowitz. Ni ya Chicago, na ni ya matukio ya kweli, hakuna waigizaji. Inawafuata watu waliowahi kuwa ndani ya magenge, ambao sasa kazi yao ni kuingilia ugomvi kabla haujafika kwenye risasi. Mpango huo ulianzishwa na daktari aitwaye Gary Slutkin, na hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kiti cha saiba. Slutkin alikuwa daktari wa magonjwa ya kuambukiza. Miaka ya 1980 alifanya kazi Somalia katika kambi za wakimbizi, akipambana na kifua kikuu na kipindupindu, kisha akawa na Shirika la Afya Duniani katika mapambano ya ukimwi, na Uganda ikiwa miongoni mwa nchi alizozishughulikia. Aliporudi kwao akatazama ramani za mauaji ya Chicago, akaona zinafanana na ramani za mlipuko wa ugonjwa: kinaanza kimoja, kinazaa kingine jirani. Mwaka 2000 kazi ikaanza West Garfield Park. Kwa hiyo wazo ambalo dunia inalisifu kuwa la Chicago lilipata shule yake huku kwetu, kwenye foleni za wagonjwa, kwa wahudumu waliochaguliwa kutoka miongoni mwa watu wenyewe.

Kuna sehemu moja nimeitazama mara nyingi. Jamaa mmoja anayeitwa Flamo amekasirika vibaya. Polisi wamekuja nyumbani kwao kwa sababu mtu kawachongea, mama yake kafungwa pingu, naye anataka kulipiza. Anaongea kwa kasi, silaha anayo, na jina la mtu analo. Kwa kalamu yetu hapa ndipo pangekuja lile neno. Katika filamu, mpatanishi aitwaye Cobe Williams anamsikiliza, anamkubalia kwamba ana haki ya kukasirika, kisha anamwambia twende tukale. Basi, ati twende tukale! Wanakwenda kula. Ile saa moja inapita bila mtu kufa. Mimi nilitafuta katika madaftari yangu mahali ambapo shujaa wangu ameshikwa mkono na mtu kwa saa moja tu, sikupata. Kila mhusika niliyemweka karibu naye alikuwa ama wa kumchochea ama wa kumlilia.

Sehemu ya pili ni ya kijana aliyetoka kifungoni, Lil’ Mikey, anayerudi katika kinyozi alichokipora akiwa na bunduki ili aombe radhi. Mama mmoja aliyekuwa humo siku ile anamweleza uso kwa uso hofu aliyowatia yeye na watoto wake. Kijana anasikiliza, hana pa kuangalia. Ndiyo ile “Baada ya miaka mitano” yetu, ila hawa wameiandika.

Siiabudu filamu hiyo. Inawapenda mno wapatanishi wake, na karibu haiulizi bunduki zilifikaje Chicago, wakati ripoti ya mji huo ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba karibu asilimia 60 ya bunduki za uhalifu zilizokamatwa na kufuatiliwa zilitoka nje ya jimbo la Illinois, nyingi zikivuka kutoka Indiana. Wala mpango wenyewe si dawa ya kila mahali. Tathmini ya Chuo Kikuu cha Northwestern ya mwaka 2008 ilikuta kwamba katika maeneo manne kati ya saba ufyatuaji risasi ulipungua kwa asilimia 16 hadi 28 kutokana na kazi hiyo, na matatu hayakuonyesha hivyo. Miji mingine iliyoiga nayo ilipata matokeo mchanganyiko. Lakini manne kati ya saba, kwa watu wanaotumia maneno na chakula tu! Sisi tunaosema kazi yetu ni maneno tungepaswa kuwa wa kwanza kushtuka.

Rudi nyumbani sasa, kwa sababu kuna mtu ambaye Cobe hawezi kumpeleka kula, naye ni askari.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga, ndiyo hadithi yetu bora ya bunduki ya mjini, na nalisema hilo nikijua kuna watakaonuna. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa siku anapofika, anaingia selo, anatoka akiwa na rafiki mwenye genge. Tazama mpangilio ulivyo wa polepole. Wanaanza na vipuri vya magari. Bunduki inakuja baadaye, na inapokuja kila mtu anabadilika sauti. Na mwishoni vijana wanajikuta mikononi mwa askari ambao hawana mpango wa kuwafikisha mahakamani. Filamu inathubutu kuwaonyesha hao askari kama wahusika walio ndani ya biashara, wakiwa na hofu zao na hesabu zao.

Ukisoma hadithi zetu, askari ni kama nukta ya mwisho wa sentensi. Anakuja, anapiga risasi, hadithi imekwisha, haki imetendeka. Miaka ya 1990 tulikuzwa na majina ya Wanugu, Wacucu na Rasta, na jinsi magazeti yalivyoandika vifo vyao ndivyo tulivyojifunza kuandika mwisho. Lakini Mathare Social Justice Centre, wakazi wenyewe wa Mathare, mwaka 2017 walitoa ripoti iliyoorodhesha visa 803 vya watu waliouawa na polisi nchini kati ya mwaka 2013 na 2016. Mwaka huo huo wa 2017 watu walitazama kwenye simu zao askari akimmiminia risasi kijana aliyekuwa amelala chini Eastleigh, mchana, mbele ya umati. Maandamano ya Juni 2024 yalipofikia mwisho wa mwezi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39. Nani katika sisi ameandika askari anayejaza fomu? Maana fomu ipo. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 inataka kila askari aliyefyatua risasi amripotie mkubwa wake, hata kama hakuna aliyeumia, na kama kuna aliyekufa au kujeruhiwa vibaya, habari ifike kwa IPOA. Waza riwaya nzima juu ya fomu moja ambayo haikujazwa. Nani aliambiwa asiijaze? Kalamu ilikuwa ya nani? Hiyo ingeniweka macho kuliko mbio za magari.

Na risasi nazo zina ukoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Turkana Kaskazini uligundua kwamba karibu nusu ya risasi zilizozagaa kule kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya wenyewe, na kiwanda cha risasi kiko Eldoret, si ng’ambo. Kule ni jangwani, si mjini, najua. Lakini watu wanaoamini kwamba kila chuma kinachoonekana Nairobi kimeshuka kutoka Somalia ndani ya gunia la mkaa wanapaswa kujua kwamba vitu hivi husafiri kwa njia zaidi ya moja, na njia nyingine ina mishahara na sare. Mwaka 2004 nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo, wakakubaliana kuziwekea alama ili zifuatilike. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha 5,250 kule Ngong, moto mkubwa, picha nzuri kwenye magazeti. Mimi nilichotamani kusoma ni kile ambacho gazeti halina nafasi nacho: bunduki moja tu kutoka kwenye lundo lile, na mikono yote iliyopitia.

Mwenzangu mmoja wa kikundi chetu cha Jumamosi aliposikia haya alinijia juu. Alisema, “Unataka tuandike ripoti za NGO. Msomaji analipa pesa yake apate raha, hataki fomu.” Ana hoja. Hadithi isiyosomwa haimsaidii mtu, na mimi mwenyewe huwa nalala nikisoma vitabu vyenye nia njema. Lakini nilimuuliza, raha ya Milly inatoka wapi? Ya Flamo akila huku amekasirika? Taharuki inataka msomaji asijue kitakachotokea. Bastola ikishachomolewa kila mtu anajua. Mwandishi mvivu ndiye anayechomoa mapema, kama mchezaji wa kamari anayetupa karata yake kubwa kwanza.

Akaniuliza tena kama nadhani riwaya yangu ingemzuia yule kijana wa ploti yetu asipigwe. Hapana. Sina ujinga huo. Lakini nakumbuka alivyolirudisha daftari la tatu, alivyotabasamu akisema “huyu jamaa hafi”. Alikuwa amesoma kurasa mia mbili na themanini na nane ambamo watu walipigwa risasi na hakuna aliyeomba maji.

Nimeanza upya. Daftari la kwanza nimelibakisha kwa sababu lina mvua nzuri, mengine nimeyafunga kwa kamba. Shujaa ni yule yule ila sasa ana ndugu mkubwa anayemkera, na bastola anayotaka si yake, ni ya kuazima, ya jamaa anayeikodisha kwa usiku mmoja na kutaka irudishwe kabla ya alfajiri. Ina risasi mbili. Ya tatu lazima aitafute mwenyewe. Mama yake yule kijana, ambaye siku hizi anauza maziwa kwa ndoo badala ya friji, ameniuliza mara mbili nimefika wapi, nami nikamsomea kidogo pale mlangoni kwake jioni wateja walipopungua. Alinisahihisha jambo moja. Alisema mtu aliyebeba kitu kama hicho hakai kwenye kiti chetu cha plastiki vile nilivyoandika, atakaa upande upande, mguu mmoja nje, na mama yeyote ataona.

Nimefika sura ya nne. Ina kurasa kumi na mbili za kutafuta risasi moja, na bado hajaipata.